Kreifishi wangu wa Naivasha kaacha kula, ni baridi ama ni nini?

KijanaWaLimuru
Wadau hamjambo. Niko Limuru, nina tangi la kioo la lita 60 hapa sebuleni na ndani kuna kreifishi wawili, wale kama kamba wakubwa wenye magando, wekundu wa Naivasha, niliwanunua kwa wavuvi pale Karagita nikawabeba kwa ndoo na gunia limelowa juu wakafika wazima kabisa. Mwanzo walikuwa poa tu, omena wanakula, sukuma wanakula, usiku kazi ni kuchimba changarawe, asubuhi unapata mimea yote imeng'olewa inaelea juu. Halafu huyu mkubwa akamng'oa mwenzake gando la kushoto, ikabidi niweke kipande cha kioo katikati kila mtu akae kwake.

Sasa huyo mkubwa mwenyewe ndio shida. Amejifungia ndani ya kipande cha paipu hatoki, hali kitu, ata nikimsogezea omena karibu na mdomo anaisukuma mbali. Rangi imefifia, ule wekundu umekuwa kama kutu nyeusi. Termomita asubuhi inasoma 15, saa nane mchana inafika 18. Jamaa wa duka fulani la samaki Nairobi amesema ni baridi inamuua, ninunue hita, na akaniuzia kachupa ka dawa ya bluu ati nitie matone kwa maji. Sijanunua hita bado na dawa sijafungua. Maji yangu ni ya mvua, ya tangi la nje. Niambieni basi, ni baridi? Na huyu wa gando moja atabaki hivyo?

SufuriaTayari
Boss hiyo ni chakula, weka maji ya chumvi, kitunguu saumu na pilipili, dakika kumi mambo yamekwisha 😂😂

FundiWaTangi
@SufuriaTayari ukikuja na sufuria kwa uzi kama huu utafukuzwa.

@KijanaWaLimuru hiyo chupa iache ikiwa imefungwa vilevile, usijaribu ata tone moja. Soma nyuma ya lebo, ukiona kopa au kopa salfeti, ile wenzetu wa chini wanaita mrututu, basi hiyo ni ya samaki peke yake na ata samaki wanaivumilia tu. Kreifishi, kamba, kaa, konokono, wote hao kopa ni sumu kwao, inaingia kwa matamvua, pale wanapopumulia, na inawamaliza kwa kipimo ambacho samaki ata hajatikisika. Na cha kushangaza damu yao wenyewe ina kopa ndani, ndio maana wakijeruhiwa inatoka ya samawati samawati, lakini hiyo ya kwao imefungwa ndani ya protini, hii ya chupa inaelea huru kwa maji. Dawa nyingi za ukungu na za madoa meupe ziko na hiyo kitu, sasa mtu wa duka kama anauza samaki tu hawezi jua.

Baridi sahau. Nyuzi 15 hadi 18 hazijaua kreifishi. Hawa asili yao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, Louisiana ndio wengi, na huko kuna miezi ya baridi kweli, wao wanachimba shimo kwenye matope wanatulia hadi joto lirudi. Naivasha yenyewe iko karibu mita 1,890 juu ya bahari, usiku wa Julai unaujua. Maji yakishuka chini ya 12 hivi anazubaa na kula kunapungua sana, lakini wewe haujafika hapo. Hita utamwekea akue haraka, ajivue gamba mara nyingi na azeeke mapema, na zile za kioo anaweza kuipanda akaipiga na magando ikapasuka, halafu umeme uko ndani ya maji na wewe unaingiza mkono.

Mimi nahisi anataka kujivua gamba. Ile dalili ya kujificha, kukataa chakula na rangi kuwa nzito, hizo ndizo. Nijibu haya: je, pale gamba la mgongo linapokutana na mkia kuna mwanya umeanza kuonekana? Na hiyo mvua inashukia paa la nini? Na kuna mtu hapo nyumbani anapuliza dawa yoyote, ya mbu, ya mende, ya ng'ombe?

KijanaWaLimuru
Asante sana Fundi. Nimemulika na tochi ya simu nikaona, ndio, kuna kamstari kamefunguka kati ya gamba na mkia, kama rangi ya maziwa hivi, nilifikiri ni kidonda. Paa ni mabati, mapya, ya mwaka huu. Dawa ya bluu imeandikwa kopa salfeti wazi kabisa kwa lebo. Na mzee wangu anapulizia ng'ombe dawa ya kupe kila wiki, lakini ni huko nje kwa boma, na mimi ndio humshikia ng'ombe.

FundiWaTangi
Basi huyo anajivua, tena si siku nyingi. Usimguse, usimtoe kwa paipu, usibadilishe maji yote kwa mpigo ati umsaidie.

Nieleze kidogo kinachoendelea huko ndani ju ukijua utaacha kuogopa. Kabla ya kuvua, anafyonza chokaa kutoka kwa gamba lake la zamani na sehemu yake anaiweka kwa ukuta wa tumbo kama vijiwe viwili vyeupe, mviringo, ukipasua mmoja jikoni wakati huo unavipata pale nyuma ya macho. Akishavua, vijiwe vinaanguka ndani ya tumbo vinayeyuka, na chokaa hiyo inakwenda kwanza kukaza mdomo na meno ya tumboni ili aweze kula tena. Lakini vijiwe ni akiba ndogo tu, gamba lote lililobaki linajengwa na chokaa anayoivuta kwa maji kupitia matamvua. Na wewe maji yako ni ya mvua. Mvua haina chokaa. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza kreifishi, anavua vizuri halafu analala laini siku nyingi hadi anakufa, au anakwama nusu ndani nusu nje, halafu lawama yote inabebeshwa baridi.

Mabati mapya nayo yana zinki juu, mvua ya kwanza kwanza inaiosha inaingia tangini. Zinki nyingi si nzuri kwao pia. Kwa hivyo anza kuchanganya polepole na maji ya mfereji au ya kisima, maji ya mfereji yakae ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na kama kwenu wanatumia kloramini, ile klorini iliyochanganywa na amonia, hiyo haitoki kwa kukaa, lazima ile dawa ya kuondoa klorini. Polepole maanake kama lita tano leo, tano keshokutwa. Ukibadilisha ghafla unaweza kumlazimisha avue kabla hajawa tayari.

Ya kupe ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nyingi za hizo dawa ni pairethroidi, yaani kemikali za kuua wadudu, na kupe na kreifishi si watu wa mbali sana, wote wana miguu ya viungo, kinachoua mmoja kinaua mwingine. Ukitoka kushika ng'ombe usitie mkono kwa tangi, ata ukinawa, tumia kijiti au glavu mpya. Dawa ya mbu ya kupuliza sebuleni vilevile, pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba inaisukuma ndani ya maji, kwa hivyo ukipuliza pale umepuliza tangini.

NyaliBeach
Samahani naingilia kidogo, mimi niko Mombasa, nami nawataka hawa lakini maji ya tangi langu mchana yafika 30, Kaskazi ikivuma 31. Watu waniambia ni viumbe vya maji ya baridi haviwezi pwani. Ni kweli? Na kwa huyo kijana wa Limuru, ukitaka chokaa sisi huku tuna mfupa wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, ule mweupe mwepesi waokotwa ufukweni, watu huwawekea ndege kwenye vizimba wausugue mdomo. Uchemshe, uukaushe, uvunje kipande utie, utazama baadae. Mpatie tu, ataumega mwenyewe. Na majani ya mti wa mkungu makavu, yale mekundu yakishaanguka, tia mawili matatu, wayala na wajificha chini yake, maji yatabadilika rangi kama chai ya rangi lakini hayana neno. Wazungu wayanunua kwa pesa haya majani, hapa twafagia.

FundiWaTangi
@NyaliBeach mfupa wa dome ndio kabisa, na maganda ya mayai pia yanafanya kazi, chemsha, toa ule utando wa ndani, kausha, saga. Konokono na kome waliopondwa chini ya changarawe pia poa.

Kuhusu pwani, shida ya maji ya moto kubwa ni hewa. Maji ya nyuzi 10 yakijaa oksijeni yanabeba miligramu 11 na kitu kwa lita, ya 20 yanabeba 9, ya 30 yanabeba saba na nusu tu. Na hapo hapo kiumbe kikipata joto mwili unaenda mbio unataka oksijeni zaidi. Kwa hivyo anabanwa pande mbili. Hawa wa Naivasha ni wagumu, 30 kwa saa chache hawafi, lakini kuishi hapo mwaka mzima ni mateso, na chakula kikioza kwa joto hilo amonia, ile sumu ya uchafu, inapanda usiku mmoja.

Watu wanaweka feni ndogo ipulize juu ya maji, maji yanavukiza yanashuka nyuzi mbili hadi nne, lakini hiyo inafanya kazi vizuri kwa hewa kavu, Mombasa unyevu umejaa kwa hewa sioni kama utapata ata hizo mbili wakati wa Kaskazi. Kuongeza maji kila siku pia ni lazima. Chupa za barafu sizipendi, asubuhi 24 jioni 30, kupanda na kushuka huko kunawaumiza kuliko joto lenyewe. Chila ya akwariamu, mashine ya kupoza maji, ipo lakini bei yake utanunua friji na chenji ibaki. Ukiwa na chumba cha eisii kinachowaka siku nzima, sawa. La sivyo fuga kitu cha hapo kwenu, pwani mna bahari mzima mlangoni mnatafuta vitu vya baridi za nini.

NyaliBeach
Haya, nimefahamu. Ntakaa na samaki wangu wa bahari.

KijanaWaLimuru
Swali lingine, huyu mdogo nimeangalia chini ya mkia naona miguu midogo laini tu, huyu mkubwa ana ile ya mbele miwili mirefu migumu imeelekea mbele kifuani. Ni dume na jike sio? Wakizaa itakuwaje, nimesikia wanazaa mamia. Nikizidiwa si nitawapeleka tu mtoni, kuna mto hapa chini ya shamba.

MtuWaLeipzig
Mkuu naomba hapo kwenye mto usifanye kabisa. Mimi niko Ujerumani, huku kufuga huyo huyo mwekundu wa Naivasha ni marufuku, Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016, huruhusiwi kumfuga, kumzalisha, kumuuza wala kumwachia. Waliokuwa naye kabla ya hapo waliruhusiwa tu kukaa naye mpaka afe, tena kwa masharti asizae wala asitoroke. Sababu ni kwamba kreifishi wa Marekani wamebeba ugonjwa, aina ya ukungu wa majini, wao wenyewe hauwaui lakini kreifishi wa asili wa Ulaya unawafyeka mto mzima. Watu walianza na tangi la nyumbani hivyo hivyo, likawashinda, wakaenda ziwani usiku na ndoo.

Na kuna mwingine wa madoadoa kama marumaru, huyo ndo balaa, aligundulika kwenye matangi ya watu hapa Ujerumani miaka ya 90, wote ni majike, dume hakuna, mmoja anataga peke yake na watoto wote ni nakala ya mama. Ukimwona sokoni usinunue hata kama ni bure. Sasa hivi yuko Madagaska, ameenea kwenye mashamba ya mpunga na mito, yaani Afrika kafika tayari. Mmoja tu akitoroka inatosha.

FundiWaTangi
@MtuWaLeipzig asante umenisaidia. Na si Ulaya peke yake, hapa nyumbani historia yake iko. Hawa hawakuwa wa Naivasha, waliwekwa ziwani mwaka 1970, mbegu ikitokea Uganda ambako walikuwa wameletwa kutoka Marekani, lengo lilikuwa uvuvi, na kweli miaka ya 70 walikuwa wanasafirishwa hadi Ulaya kuliwa. Lakini miaka ya 80 ikianza ile mimea ya chini ya maji ilikuwa imeisha, mayungiyungi nayo yamefyekwa. Umesema mwenyewe asubuhi unapata mimea imeng'olewa, sasa piga hesabu ya ziwa. Baadaye wakatokea ata huko Laikipia kwa maji ya Ewaso Ng'iro, na sehemu walizoingia kaa wa mtoni wa asili wamepungua sana. Mto wako wa chini ya shamba una kaa hao wa asili pengine, wale wa kahawia. Usiwapelekee huyu. Watoto wakizidi wape SufuriaTayari, hiyo ndio njia salama, sitanii.

Ndio, mkubwa ni dume, mdogo jike. Jike akibeba mayai utayaona chini ya mkia kama zabibu nyeusi ndogo, mamia kweli, na usitoe kioo cha katikati kama hutaki hiyo kazi. Anaweza kuwa alishapandwa huko huko ziwani kabla hujamnunua, kwa hivyo usishangae.

SufuriaTayari
Nimeteuliwa rasmi 🙏🏾

MkaziWaAmani
Wadau mimi niko Muheza karibu na Amani, Usambara Mashariki. Nimesoma habari za chokaa nikacheka maana huku tuna kaa anaishi juu ya mti, kweli, kwenye mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, wapo huku na Shimba Hills kule Kenya. Wataalamu walimpa jina rasmi 2004 tu lakini wazee wa huku wanamjua siku zote. Na kule Jamaika kuna kaa mwingine anazalia watoto kwenye maji yaliyotuama katikati ya majani ya mmea wa jamii ya nanasi, maji hayo ni ya mvua, asidi tupu, basi mama anabeba makoa ya konokono anayatupia humo, asidi inapungua na chokaa inaongezeka, watoto wanapata gamba. Hakwenda dukani yule mama.

Swali langu kwa Fundi, hawa kaa wetu wa mito ya baridi ya milimani wanafugika kwenye tangi?

FundiWaTangi
@MkaziWaAmani wanafugika lakini si kwa lita 60 za maji yaliyojaa. Wanataka nusu maji nusu nchi kavu, mawe wanayoweza kupanda, maji yanayotembea na yenye hewa nyingi, na kifuniko chenye uzito juu yake, maana kaa akiamua kutoka anatoka. Lakini hao wa kwenye miti waache huko huko kwa msitu, eneo lao ni dogo na hakuna anayejua ukiwatoa wangapi wamebaki. Wa mtoni wa kawaida chukua mmoja, umwangalie, umrudishe mto ule ule uliomtoa, na hapo awe hajakaa tangi moja na kitu cha kutoka kwingine.

Kifuniko nasema pia kwa @KijanaWaLimuru. Kreifishi wanapanda ule mrija wa pampu ya hewa usiku kama ngazi. Matamvua yakibaki na unyevu anaishi nje ya maji muda mrefu, utamkuta jikoni nyuma ya gunia la viazi na vumbi mwili mzima. Akipatikana hivyo usimtupe ndani kwa ghafla, mweke kwenye maji machache ya kina kifupi kwanza.

KijanaWaLimuru
Fundi uko? Amelala chali!! Sai saa tano usiku, nimewasha taa nikamkuta amelala ubavu halafu akageuka chali, miguu inatikisika kidogo kidogo. Nimtoe??

FundiWaTangi
USIMTOE. Zima taa. Ndiyo hiyo anavua. Atajikunja, atatokea pale kwenye ule mwanya, mgongo kwanza halafu magando na masharubu, mkia mwisho. Inaweza kuwa dakika chache, inaweza kuwa zaidi. Pampu ya hewa iache ikiwaka. Kioo cha katikati angalia kimeshika vizuri, huyo jike akipenya usiku wa leo hakuna dume kesho.

KijanaWaLimuru
Sawa nimezima.

KijanaWaLimuru
Wakuu asubuhi nimeamka nikakuta kreifishi wawili upande wake, nikashtuka, kumbe mmoja ni ganda tupu, ata macho yako na masharubu yako, linang'aa mwanga unapita. Mwenyewe yuko ndani ya paipu, amekuwa mkubwa kuliko jana na rangi imerudi nyekundu ya kung'aa. Nilikuwa nataka kutoa hilo ganda ju sebule itanuka.

FundiWaTangi
Acha hapo. Atalila mwenyewe, kuna chokaa humo na ndicho anachohitaji sasa hivi, halinuki likiwa tupu, likinuka ujue ni maiti si ganda. Chakula usimpe leo wala kesho, bado mdomo haujakaza. Mfupa wa dome ukiupata tia kipande karibu na paipu, ukikosa tia maganda ya mayai. Akianza kutoka mwenyewe kutafuta, mwanzie na sukuma iliyochemshwa kidogo, omena baadaye, na kinachobaki toa asubuhi.

Huyo jike gando lake litaanza kama kanundu kadogo, kila akivua linaongezeka, mara mbili tatu hivi litakuwa karibu sawa na la kulia. Mdogo anavua mara nyingi kwa mwaka, mkubwa mara moja au mbili, kwa hivyo jike ndiye atakayefuata, na maji yake uwe umeshayapa chokaa kabla hajaanza kujificha. Hiyo chupa ya bluu mrudishie mwenye duka.

KijanaWaLimuru
Nitapita huko Jumamosi. Na NyaliBeach kama kuna gari linakuja Nairobi nitumie hiyo mifupa na majani, nitalipa nauli.

NyaliBeach
Nijie inbox, majani ntakufungia gunia zima.